Dani Anataka Neno la Mwenye Panya

Oyugis,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Dada Damaris,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yatakayokufanya unikasirikie. Kwanza nakusalimu. U hali gani huko Nairobi, na kazi ya maabara? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Nilipokwenda nyumbani Kosele likizo fupi ya shule, Dani, nyanya yetu, alianguka kanisani. Ilikuwa Sabato, tumesimama kuimba, nikamwona akipapasa benchi kama aliye gizani, kisha akateleza chini. Rafiki yake, Mama Orpah, alipiga yowe kwamba mwenzake amekufa. Tulimbeba hadi zahanati. Muuguzi alimpima presha, akarudia, akasema imeshuka mno, akauliza mgonjwa amemeza nini. Dani akashika fundo la leso yake. Mama Orpah akatazama viatu vyake.

Muuguzi akafungua fundo la leso ya Dani, akakuta vidonge vyeupe na vingine vya waridi. Ndipo Mama Orpah akakiri kwamba vya waridi ni vyake, na kwamba wao hugawana dawa kama wanavyogawana chumvi. Muuguzi akasema majina ya pakiti ni mawili lakini dawa ni ile ile moja, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimeza maradufu. Mama Orpah naye akalazwa kitanda cha pili. Dani akamtania kwamba hata kuugua hawezi bila kumuiga.

Dani alimwambia muuguzi kwamba huo ni ujinga wa vikongwe tu. Si kweli, Dada. Ni mimi. Krismasi ulitusimulia kwamba panya wenu wa maabara wenye presha, waliopewa dawa mbili kidogo kidogo, walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa moja kwa wingi. Niliona rangi mbili na majina mawili, nikawaambia wagawane, hizo ndizo dawa mbili. Nilijivuna. Dani akacheka akisema kwamba kilichomfaa panya wa Nairobi kitamfaa na wa Kosele.

Sasa daktari anataka kumwongezea dawa ya pili, iliyo tofauti kweli, kwa kuwa moja haitoshi. Dani amekataa, na hata ile ya kwanza ameitupa chooni. Baba amenipasha habari kwamba presha imepanda, asubuhi Dani anaona ukungu, na daktari anahofia kiharusi. Dani amesema hatameza kitu mpaka mwenye panya aseme mwenyewe. Simu hataki, eti simu husema lolote. Anataka mwandiko wako, nimsomee mimi.

Mwalimu Omanga, anayekuletea barua hii, atarudi na jibu lako Alhamisi. Nimeruhusiwa na shule kwenda Kosele Ijumaa.

Baba na Mama Orpah wanakusalimu sana. Dani hakutuma salamu. Alisema salamu zake ni swali hili. Basi nijibu kweli, hata kama ni chungu: kati ya panya wale waliopewa dawa mbili, yupo aliyeanguka kama Dani, na mlifanya nini akasimama tena?

Mdogo wako,
Edith