Yule Bwana Hakuja Kuposa

Bibi na Mjomba Faisal,

Nakwenda kwa kina Hanan, intaneti yao haikatiki. Wale samaki changu nimeshawapara na kuwatia chumvi. Wafunikeni, paka wa jirani keshawaona. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi alasiri.

Nimewakasirikia, ingawa naandika huku nacheka. Yule bwana wa ufadhili wa chuo alipiga simu ya video asubuhi kunisaili mimi, nipate kusomea uuguzi. Hakuja kuposa! Aliponiuliza kwa nini nataka kusoma, Mjomba ukadakia: "Mtoto wetu ana haya, sisi ndio tunaomsemea." Akauliza nina ujuzi gani, Bibi ukamjibu kwamba wali wangu wa nazi hauungui. Kisha ukamgeukia yeye: "Na wewe, mchu wa wapi? Umeoa?" Na ubani mkafukiza, kana kwamba angeunusa kwenye simu! Mimi nimekaa katikati, nimejitanda mtandio, kama biarusi asiyejua anaolewa na nani.

Bahati yangu amekubali kunisaili tena saa nane, nikiwa peke yangu. Peke yangu, Mjomba. Usinifuate na bajaji.

Niombeeni dua. Mkiomba, ombeni chuo.

Mwanenu ambaye hajaposwa,
Afnan

Bibi, yule bwana kaniagiza nikujibu: kwao Barawa, mke anaye, na halua uliyomwahidi hawezi kuipokea, wakubwa wake watasema ni rushwa. Bibi! Ulimwahidi saa ngapi?