Mfuniko wa Rejeta

Kibondo, Jumapili

Kumbe ni mfuniko tu! Wiki nzima gari la baba limechemka kila mlima, na fundi alitaka kesho aifungue injini, siku ambayo mama ana kliniki Kasulu. Sisi tuliongeza maji tu. Hakuna aliyejiuliza yanakwenda wapi.

Leo, injini ikiwa imepoa, niliuchunguza mfuniko wa rejeta. Mpira wake umepasuka. Nikanunua mpya, nikaufunga, nikalipandisha gari mlimani, baba pembeni yangu amekumbatia dumu la maji.

Mshale wa joto haukusogea.

"Mwana wanje, mwanangu," baba akasema, "kumbe shule haikupotea! Kesho mpeleke mama yako."

Naogopa ile safari, sitajidanganya. Lakini jioni nimelikuta dumu jikoni. Baba amelishusha garini mwenyewe.