Buibui Kwenye Kopo la Siagi

Mkwe wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mtoto nampeleka shule mwenyewe, mkate tutanunua njiani. Huo ulioko mezani tupa, na kisu kichemshe.

Mimi si mtu wa kubagua chakula. Lakini asubuhi hii nimefungua kopo la siagi, nikachovya kisu, nikaibuka na buibui mwenye manyoya, mzima, anachezesha mguu! Nawe huna haya, unaniambia, “Baridi inawatuliza, mama, ndipo wanakubali kupigwa picha.” Kwenye friji ya chakula, baba?

~~Leo nafungasha, narudi kwangu.~~ Nitarudi jioni, ila friji niikute imesuguliwa kwa sabuni na maji ya moto.

Buibui nimeshamsamehe, hakujileta. Kinachonitia kinyaa hasa ni wewe. Mama mkwe wako yuko juu ya kiti anapiga mayowe, kilemba kimeanguka, nawe badala ya kunishika mkono unakimbilia kamera! Eti, “Tulia hapo hapo, mama, mwanga mzuri!”

Picha hiyo ifute kabla binti yangu hajarudi kutoka kazini. Namjua, ataitundika sebuleni.

Mama mkwe wako