Fomu ya Nekesa Niliifunga Mimi

Malaba, Alhamisi

Mama Amoit,

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike kule Adungosi, na hii ni karatasi ya nne ninayoianza. Tatu za kwanza nimezichana kwa sababu zote zilianza na habari za watu wengine: nani ameoa, mahindi ya nani yameliwa na ng'ombe. Nikaona nazunguka tu, kama nilivyozunguka miaka yote hii.

Basi nianze palipo pachafu. Fomu ya Nekesa niliifunga mimi. Wewe ulilijua hilo, lakini hukuwahi kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Siku ya mazishi walinipa kazi ya kusoma habari za maisha yako, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu na ndiye niliyefanya kazi nawe. Niliandika kurasa tatu. Nikataja ubatizo wako, ndoa yako, kifo cha mzee wako, Amoit na wadogo zake, na ile mashine ya taipu uliyojifunza mwenyewe kwa vidole viwili. Nilipofika kwenye miaka ya Malaba nikasoma hivi: "Aliwasaidia watu wengi kwa kuwaandikia barua na kuwajazia fomu, kisha akarudi nyumbani kulima." Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mwanamke aliyekaa karibu naye akasema, bila hata kushusha sauti, "Kurudi kulima ama kufukuzwa?"

Nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma.

Wajua nilivyofika kwako. Walimu wawili wa shule yangu, ng'ambo kule Tororo, Uganda, walikuwa wamechukuliwa na askari wiki moja, na wa tatu ningekuwa mimi. Nilivuka mto kwa miguu nikiwa na viatu mkononi. Ulinikuta kwenye ukumbi wa kanisa, kati ya wakimbizi wenzangu, ukauliza kama kuna mtu mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa nimeongoza shule miaka mingi, Mama Amoit. Nilinyanyua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kesho yake ukaniweka kwenye baraza ya duka, penye meza yako, mashine yako, na ile stepla nyeusi ya chuma yenye kichwa kizito. Ukaniambia niijaze pini. Lakini katika miaka yangu yote ya uongozi sikuwahi kujaza stepla. Ilijazwa na karani, mimi nikaletewa. Niliona haya kuuliza. Nikaziingiza pini miguu ikiwa juu, nikapiga kwa ngumi. Ikakwama. Nikapiga tena.

"Mzee, hiyo ni stepla ama ni ngoma?" akauliza dereva mmoja wa lori aliyekuwa akingoja barua yake.

Mwenzake akamjibu, "Na unasikia huyu alikuwa hedimasta? Ndiyo maana watoto ya huko wanakimbia."

Watu wa foleni wakacheka. Wewe ukawaambia, "Wacheni yeye. Nyinyi mlizaliwa mkijua kufunga kamba ya kiatu?" Kisha ukavuta kiti karibu yangu ukanifundisha polepole, wewe uliyeishia darasa la nne, mbele ya watu wote wale.

Bado nayakumbuka yote. Fungua kichwa, vuta springi nyuma. Pini zikae kama mbuzi, miguu chini, mgongo juu. Weka mstari mmoja tu, usilundike kipande juu ya kipande. Tazama namba ya boksi, iwe sawa na ile iliyochongwa kwenye stepla, maana pini ndefu kwenye karatasi chache hupinda kama mlevi. Gonga karatasi mezani zilingane. Funga pembe ya juu, kushoto, pini ilale mshazari, ili ukurasa ugeuke bila kuraruka. Usipige. Weka kiganja, kandamiza mara moja, mpaka uisikie imelia. Ikikwama, usichokore kwa kidole. Fungua, toa iliyopinda kwa ncha ya wembe, mdomo wa stepla ukiwa umeelekea mbali na macho. Na mwisho, kila mara, hata kama una haraka, geuza karatasi upitishe kidole gumba kule nyuma.

"Gusa mgongo, Mwalimu." Hivyo ndivyo ulivyosema.

Ulinionyesha pia kwamba kile kibati kidogo cha chini, chenye vijishimo viwili, kinazunguka. Kikikaa upande wa kawaida, miguu ya pini hukunjwa ndani. Wewe ulisema pini imekumbatia. Ukikigeuza, miguu hufunguka kwenda nje, na hiyo ni kwa rasimu tu, karatasi ambazo zitaachanishwa tena baada ya mteja kuzisoma. Ukiivuta, inatoka bila kupasua kitu. "Ukimaliza rasimu," ulisema, "rudisha kibati kabla hujashika kitu kingine."

Nilikuwa mwanafunzi mzuri kwa mwezi mmoja hivi. Baadaye yale maneno yakaanza kunichoma. Kila uliposema "gusa mgongo" mbele ya wateja, nilijiona nimesimama mbele ya wanafunzi wangu nikiwa nimevua shati. Nikawa naitikia tu. Nilikuwa nasema nimegusa, na kidole changu hakijafika huko.

Nekesa alikuja asubuhi, kwa miguu kutoka Angurai, cheti chake cha shule kikiwa ndani ya karatasi ya mkate na karatasi ya mkate ikiwa ndani ya leso. Alikuwa anaomba nafasi ya chuo cha ualimu. Walitaka cheti chenyewe, si nakala. Ulimpigia fomu kwa taipu, ukanipa niifunge pamoja na cheti, ukaanza kazi ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimetoka kufunga rasimu za mzee mmoja mwenye kesi ya shamba. Kibati kilikuwa bado kimegeuzwa.

"Umefunga, Mwalimu?"

"Nimefunga."

"Umegusa mgongo?"

"Nimegusa, Mama."

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Nekesa alitutazama, mara wewe, mara mimi, akatabasamu kwa adabu. Sikuwa nimegusa. Nilitia fomu yake pamoja na nyingine sita kwenye ule mkoba wangu wa ngozi, nikapanda baiskeli kuzipeleka Busia, na njia yote ile mkoba ulikuwa ukiruka begani.

Wiki mbili baadaye mjomba wake alisimama mbele ya meza na ile fomu mkononi. Ilikuwa imerudishwa kwa sababu haikuwa na cheti.

"Mama, cheti ya mtoto iko wapi?"

Ukasema kiliambatanishwa. Akasema hakipo. Kisha akasema kile ambacho kila mtu pale barazani alikuwa tayari kukiamini: "Umeuzia Mganda gani?"

Ulijua siku zile zilivyokuwa. Watu wetu walikuwa wanatafuta karatasi za Kenya kama wanavyotafuta chumvi, na walikuwapo waliouza. Uliichukua fomu, ukaigeuza. Niliona kidole chako kikipita juu ya pini, kikasimama, kikarudi. Ile miguu ilikuwa imefunguka kwenda nje. Hukunitazama hata kidogo. Ukasema, "Mwalimu, enda utuletee maji ya kunywa."

Nami nikaenda, Mama Amoit. Nilisimama kwenye tangi mpaka jagi likafurika likaniloa viatu. Niliporudi nilikusikia ukisema, "Hiyo fomu nilifunga mimi. Kama kuna makosa ni ya mkono wangu." Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilipanga vikombe nikawamiminia maji, wewe na mjomba na waliokuwa wakikutukana, mmoja baada ya mwingine, na nikasema karibuni.

Nimetafuta miaka yote hii neno la kuita mtu wa namna hiyo. Nimesoma vitabu vingi na sijalipata lililo dogo vya kutosha.

Mwenye duka akakuomba utafute pahali pengine kwa sababu watu wanaongea. Ukafunga mashine kwenye gunia ukarudi Adungosi. Kabla ya kwenda ulipita kwa padri ukanisemea neno, nikapata kazi ya kufundisha watu wazima kusoma. Kwa hiyo nililala nikiwa na kazi, na wewe ukalala ukiwa mwizi.

Sasa nikuambie usilolijua. Mvua zilipoanza, ulikuwa umeondoka wiki tatu, nilipeleka ule mkoba kwa fundi wa viatu pale Amagoro kwa sababu kitambaa cha ndani kilikuwa kimeachia mshono. Fundi akaingiza mkono kwenye kitambaa akatoa karatasi. "Mzee, hii ni yako?" Kilikuwa cheti cha Nekesa, kimekunjika pembe moja, na matundu mawili madogo ya pini, safi kabisa, hayajararuka hata kidogo. Pini ilikuwa imekiachia yenyewe.

Nikasema, "Ni yangu."

Nafasi za chuo zilikuwa bado hazijafungwa. Zilifungwa baada ya siku tisa. Kila asubuhi ya hizo siku tisa niliamka nikisema leo, na kila asubuhi nikajiuliza wataonaje: cheti cha Mkenya ndani ya mkoba wa mkimbizi, kimefichwa kwenye kitambaa. Nani angeuliza habari za kibati cha stepla? Wangenipeleka kwenye daraja la mpakani kabla ya saa sita, na ng'ambo kulikuwa na watu wenye jina langu kwenye orodha. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Ningeweza kukutumia wewe kile cheti, ukakipeleka bila kunitaja. Ungenifanyia hilo, nakujua. Sikukileta kwa sababu ningelazimika kukutazama usoni. Siku ya kumi nilikitia ndani ya kitabu cha jiografia, nikakiacha humo miaka minne.

Nilikuja kwako Adungosi mara ngapi? Uliniwekea uji wa wimbi, ukaniuliza habari za darasa langu. Mara moja, ulikuwa unachambua maharagwe, ukasema bila kunyanyua uso, "Mwalimu, uko na kitu ya kuniambia?" Nikasema mvua imechelewa mwaka huu. Ukasema, "Eee, imechelewa." Ukaendelea na maharagwe. Hukuniuliza tena.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilitoa cheti kitabuni nikaenda Angurai. Nekesa ana watoto wawili sasa, na nyanya anazouza sokoni amezipanda mwenyewe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kama ninavyokueleza wewe. Akafuta mikono kwenye leso, akapokea karatasi, akasoma jina lake. Nilingoja aniulize habari za chuo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa hata na maneno. Hakuniuliza.

Alisema, "Huyo mama nilikuwa napatana na yeye soko ya Adungosi. Alikuwa ananisalimia. Mimi naangalia kando." Mtoto wake mmoja akaja akashika sketi yake, naye Nekesa akamsukuma taratibu. "Mara ya mwisho aliniuliza kama mtoto amepona. Sijui nani alimwambia mtoto ni mgonjwa. Nikapita tu. Sasa, Mwalimu, mimi nitamsalimia wapi?"

Nilifikiri nimwambie kwamba umemsamehe, kisha nikakumbuka kwamba msamaha wako si wangu wa kuugawa.

Nilipoanza kuondoka akaniita. "Nasikia mnarudi kwenu."

Ni kweli, tunarudi. Wale waliotufukuza wameondoka, na kila siku malori yanavuka na magodoro. Mpwa wangu ameniandikia kwamba nyumba bado ina mabati upande mmoja na kwamba shule inatafuta walimu wa zamani. Mzigo wangu ulikuwa upande lori la Jumamosi hii. Nitakiri kwako na jambo hili la mwisho: nilipopata barua yake, furaha yangu ya kwanza haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ya kuondoka mahali ambapo watu wanajua jina lako.

Nekesa akasema, "Wewe utaenda, mimi nitabaki na hawa watu. Sema kabla uende. Nikisema mimi, wataona natetea karatasi yangu."

Ilinichukua wiki sita nyingine, lakini nimemwambia dereva aende bila mimi. Katekista amenipa nafasi kanisani Jumapili, baada ya matangazo, kabla watu hawajatawanyika. Aliniuliza ni habari gani nikamwambia ni ya stepla, akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Nekesa atakuja na cheti, asimame pale karibu, watu waone matundu mawili ambayo hayakuraruka. Amoit nimemjulisha, amesema atakuja. Mwenye duka yupo, na mjomba wa Nekesa hukaa kiti cha tatu. Sitaandika kitu cha kusoma, kwa maana nimeona siku ya mazishi karatasi inanisaidia kufanya nini.

Nakuahidi nitalitaja jina lako lote, la ubatizo na la kwenu, na baada yake langu. Nitasema uliniuliza nikakudanganya, nitasema ulichukua lawama ukijua si yako, na nitasema cheti kilikaa wapi miaka minne. Wakitaka kunipigia kelele nitasimama mpaka wamalize. Na kama baada ya hapo hakuna lori litakalonichukua, mto nimewahi kuuvuka kwa miguu.

Lala, Mama Amoit. Umebeba vya kutosha.

Aliyekuwa karani wako,
Yokana Okware