Medali ya Darajani

Jumatatu, 3 Machi

Baba amerusha kikombe. Kimepita karibu na sikio langu kikaenda kupasukia kwenye fremu ya mlango. Chai ukutani, chai kwenye pazia nililofua juzi.

Sababu ni televisheni. Walikuwa wanaonyesha wazee waliopigana vita, wamepangwa mstari mmoja, makoti, magongo, medali zinameta vifuani. Baba akawa anawataja mmoja mmoja kama anayesoma mashtaka. Huyu kazi yake ilikuwa kumenya viazi! Huyu alijificha chini ya lori! Huyu hata bunduki yake ilitagiwa mayai na mijusi!

Kisha kikombe.

"Mzigo!" Ndilo jina langu humu ndani, tangu nilipomaliza shule nikakaa nyumbani bila kazi. Kazi nilishapata zamani. Nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na anachokula kinatoka kwenye mikono hii. Jina halijatoka. "Mzigo, omba ruhusa kazini. Keshokutwa tunakwenda kudai medali yangu."

Medali gani? Maisha yangu yote sijasikia habari ya medali.

Nimeokota vigae. Amenyanyua miguu nifagie chini yake.

Jumatano, 5 Machi

Aibu ya leo sijui niiweke wapi.

Ofisi ya kumbukumbu za jeshi ni chumba kirefu, rangi ya kijani imebanduka hadi usawa wa mabega — pale watu wanapoegemea. Foleni, benchi, feni isiyozunguka. Karani ni binti mdogo, kucha ndefu nyekundu, anakula karanga na kuweka maganda juu ya mafaili.

Baba akamwamkia kijeshi! Mkono kwenye paji la uso, visigino kugonga. Binti akamwangalia kama anayeangalia mdoli.

Nikaeleza mimi. Kwamba mzee wangu alibeba majeruhi darajani, chini ya risasi, na kwamba alistahili medali ya ushujaa, lakini haikuandikwa. Habari yenyewe alinipa asubuhi tukiwa njiani, maneno machache tu.

Akaenda nyuma, akakaa sana, akarudi na jalada jembamba. Akaanza kulisoma kwa sauti. Kwa nini kwa sauti? Koo lake ni la mnadani. "Medali… hakuna. Daraja… hakuna daraja hapa, babu. Kuna onyo kwa ulevi. Kuna siku saba mahabusu kwa kulala lindoni. Ha! Babu, ulikuwa unalala lindoni?"

Benchi zima likacheka. Mwanamume mmoja akasema basi medali yake ni mto na shuka. Kicheko kikaanza upya.

Baba alibaki amenyooka vilevile. Shingo tu ndiyo ilibadilika rangi.

Karani akatupa fomu. Rekodi inaweza kusahihishwa, alisema, ila lazima apatikane aliyekuwepo siku ile, aandike alichokiona, atie saini. "Kama kuna aliye hai," akaongeza, akatafuna karanga.

Tukarudi mpaka mlangoni kwetu. Hapo Baba akasema ningekuwa mtoto wa kiume yule binti asingethubutu kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Waliokuwepo darajani wamekwisha. Baba amewahesabu mezani, kila jina akisogeza punje ya maharage pembeni ya sahani. Huyu ini. Huyu ajali. Huyu alijinyonga, mjinga. Huyu uzee tu.

Ikabaki punje moja. Hakuisogeza.

Nikamuuliza huyo ni nani. Sajini, akasema. Sajini wao wa wakati ule, anaishi upande wa pili wa mji, mguu mmoja hana. Nikasema basi tumepona, twende kwake!

"Heri nizikwe bila kitu kifuani." Akaila ile punje.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipokuwa navaa viatu niende kazini, sauti kutoka chumbani: "Jumapili uende kwa Sajini. Peke yako."

Kaka amepiga simu kutoka huko aliko. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimbandike mzee kifuniko cha soda kifuani, hataona tofauti. Halafu akasema ana wageni, akakata. Yeye ndiye mtoto wa kiume.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi.

Nilitegemea kumkuta mzee mkali. Nimemkuta mpole, nywele nyeupe pe, ameketi uani chini ya paa la mabati, gongo limelazwa sakafuni. Mke wake akaniletea chai na kiti chenye mto. Nikasema shikamoo, nikajitambulisha ni binti wa nani. Yule mama akasimama na birika mkononi. Sajini akamwambia mwache mtoto anywe chai, mtoto hana kosa.

Nikatoa fomu. Hakuigusa. Akaniuliza baba yako amekuambia nini. Nikasema alibeba watu watatu darajani. "Kweli tupu," akasema. "Lori letu lilipigwa katikati ya daraja. Waliokuwa wazima walikimbia wote. Baba yako akarudi. Akambeba wa kwanza mgongoni, akampeleka ng'ambo, risasi zinachana vyuma. Akarudi, akambeba wa pili. Akarudi tena. Sijamwona mtu wa namna ile, kabla wala baada yake. Nakuapia, mwanangu."

Nilisikia fahari. Ndiyo, niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma — nilisikia fahari mpaka machozi yakanilenga. Baba yangu!

Kisha akasema, "Wa nne nilikuwa mimi."

Akasema Baba alirudi mara ya nne. Mzima, ana nguvu, na risasi zilishapungua. Akachuchumaa mbele yake. Wakaangaliana usoni, karibu kama mimi na yeye tulivyokaa. "Wiki moja kabla nilikuwa nimemfunga kwa kulala lindoni. Akanitabasamia. Akaninyang'anya chupa yangu ya maji, akanywa, akaondoka."

Sajini alilala pale mpaka siku ya pili. Mguu ukaoza.

"Kamanda alikuja hospitali akaniuliza nani aliwabeba wale watatu, apewe medali. Nikasema sikuona."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Nikamuuliza hajawahi kujuta? Akanishangaa. Ajutie nini?

Sasa ndipo akaichukua fomu, akaikunja, akanirudishia. "Nitasaini. Mwambie aje mwenyewe."

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Baba. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, ili niweze kutoka.

Nikamuuliza ni kweli ulimwacha?

Akafikiri. Akasema, "Alikuwa mzito." Akacheka! Meno yake yale mawili. "Na mimi nilikuwa na kiu."

Nilimwona Mama hapo hapo. Ile jioni aliyoshikwa na kifua, Baba amekaa sebuleni na redio yake, jirani ana gari, hatua chache tu. Mpira uishe kwanza, alisema. Mpira ulipoisha Mama naye alikuwa ameisha. Nilikuwa namshika mkono mimi.

Mama naye alikuwa mzito? Nilitaka kuuliza hivyo. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 19 Machi

Hana usingizi, hali vizuri. Ule mstari wa wazee kwenye televisheni haumtoki. Leo amesema: "Jumamosi."

Neno moja tu. Nikaelewa, nikampelekea Sajini habari kwamba tunakuja.

Ijumaa, 21 Machi

Nimelipeleka gwanda lake kazini nikalipigia pasi ile kubwa ya mvuke, katikati ya mashuka. Wenzangu wakauliza limetoka kwa maiti gani. Kitambaa kimekuwa chepesi kama ganda la kitunguu, nilipitisha pasi nikiwa nimezuia pumzi.

Jioni nikamvalisha ajaribu. Limemmeza! Nikamfunga kifungo cha shingoni, na shingo yenyewe — nyembamba, ina joto, inapigapiga kama ya kuku. Nikamwonea huruma. Ilinijia ghafla, sikuitafuta. Nikasema, "Umependeza, Baba."

Akajitazama kwenye kioo. Akasema mama yako angelinyoosha vizuri zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi uani kwa Sajini. Nimetoa daftari nikajifanya nachukua maelezo kwa ajili ya ofisi. Hakuna aliyeuliza.

Tulikuta viti vimepangwa. Viti! Majirani, wajukuu, wazee wawili watatu na magongo yao. Nilidhani kuna msiba. Kumbe walikuwa wanatungoja sisi.

Sajini naye amevaa gwanda. Medali mbili. Fomu niliyomkabidhi iko juu ya paja lake lililo zima.

Baba alinyoosha mkono kumsalimu. Sajini hakuupokea. Akasema, "Koplo. Mguu sawa."

Baba akatabasamu akidhani ni utani wa wazee. Akatafuta kiti kwa macho. "Mguu sawa!" — na sauti ile sijui imetoka wapi kwenye kifua cha mzee yule, njiwa waliruka juu ya mabati. Visigino vya Baba vikagongana vyenyewe. Mikono pembeni. Kidevu juu. Jua limempiga usoni, kivuli chote amekikalia Sajini.

"Wa kwanza uliyembeba?"

Baba akamtaja.

"Wa pili?" Akamtaja. "Wa tatu?" Akamtaja, sauti imeanza kukauka.

"Wa nne?"

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo.

"Sikusikii, Koplo."

Tumekaa hivyo muda mrefu. Sajini ameletewa chai, amekunywa, amemaliza, ameletewa nyingine. Baba amesimama. Majirani wengine wametoa simu wanapiga picha. Amenitazama mara moja — macho ya kuniamuru nifanye kitu. Nikainamia daftari.

Sasa suruali yake imelowa. Kwa mbele, mpaka chini, na kiatu. Watoto wameona. Wanaonyeshana vidole. Mke wa Sajini amefunika uso kwa khanga, anamwambia mumewe inatosha, kwa ajili ya Mungu inatosha, huyo ni mtu mzima.

Na Baba amesema. Nimesikia kwa masikio yangu. "Wa nne ni wewe. Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ufe."

Hakuna anayecheka tena. Sajini amefumba macho. Nilidhani ataichana fomu. Hakuichana. Ameilaza juu ya sinia, anainyoosha mikunjo kwa kiganja, polepole. Anasema haya, kazi iishe, mtu akapumzike. Anapapasa mfuko wa gwanda. Hana kitu cha kuandikia. Anawatazama majirani, nao wanatazamana. Mke wake ameingia ndani, ametoka mikono mitupu.

"Binti," ananiambia, "hebu lete hiyo kalamu."

Baba bado amesimama. Anayumba sasa, mbele, nyuma, mbele. Midomo imekauka imekuwa myeupe. Anautazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi kwenye karatasi. Hajawahi kunitazama nikifanya kitu kwa muda mrefu hivi.

"Binti. Kalamu."

Nimesikia, mzee wangu. Nimesikia tangu mara ya kwanza. Ngoja kwanza nimalize mstari huu, na huu unaofuata, ukurasa bado una nafasi