Namba Tatu za Hirizi

Keko Machungwa,
2 Juni 1991

Kaka Suhaib,

Shikamoo. Sie wazima, ila kikohozi cha mama kimerudi. Vipi joto la huko Amritsar? Na chuo?

Barua yako ya kwamba mtatembelea mpaka wa India na Pakistani nimemsomea mama mara mbili. Nilipofika pale askari wanapotazamana na bunduki zao, aliniambia nirudie. Kwake mpaka ni Mutukula, mjomba Twaha alikoacha mguu vitani. Amesema huendi mtupu. Humu kwenye kifurushi kuna hirizi. Nimeiandika mie kutoka kitabu cha babu, maana mwalimu wa madrasa yuko Kilwa, na fundi makochi wa jirani ameishonea ngozi. Ifunge mkono wa kulia, usiivue hata wakikuvua shati. Hayo ni maneno ya mama.

Mdogo wako,
Rukaiya


Amritsar,
7 Julai 1991

Mdogo wangu Rukaiya,

Marahaba. Mwandiko nisamehe, naandika kwa mkono wa kushoto. Usimsomee mama.

Pale mpakani kuna mageti mawili na nyaya za miba. Wakati wa kuyafunga, askari wanarusha miguu hadi usawa wa paji la uso, na watu wanatukana upande wa pili. Kwenye foleni ya kupekuliwa askari aliiona hirizi. Akaipasua kwa wembe, akaikunjua karatasi. Walio nyuma yangu wakaona herufi za Kiarabu na namba ndani ya visanduku. Mmoja akasema, "Jasusi." Neno hilo wanalo kama sisi.

Walinipiga kwa viatu, kwa vijiti vya bendera, mwanamke mmoja kwa chupa ya chai. Niliusikia mkono ukivunjika. Meno mawili niliyameza. Yule yule askari wa wembe ndiye aliyenilalia juu kunikinga mpaka wenzake wakafika, naye walimpasua kichwa.

Sasa nipo hospitali chini ya ulinzi. Maofisa walimleta sheikh, akasoma jedwali lote, akasema ni dua, isipokuwa mstari wa chini: 67, 14, 203. Hizo, kasema, hazimo katika kitabu chochote anachokijua. Kila asubuhi wananiuliza. Wasipopata jibu nitashtakiwa kwa ujasusi. Umezitoa wapi?

Kaka yako,
Suhaib


Keko Machungwa,
28 Julai 1991

Kaka Suhaib,

Shikamoo. Hali yako naogopa kuiuliza.

Waonyeshe barua hii. Mchwa walikula ukurasa wa babu pale chini. Niliona haya kumwambia mama kwamba hirizi haikamiliki, maana alishaniita mwanachuoni wake mbele ya majirani. Nikajaza za kwangu. 67 ni mwaka uliozaliwa. 14 ni tarehe uliyosafiri. 203 ni namba ya nyumba yetu. Nilidhani ukitajiwa nyumbani utarudi.

Mama nimemwambia yote. Alinipiga kwa mwiko mpaka ukakatika, akaendelea na kipande. Mjomba Twaha alipotaka kumzuia alisukumwa, akaanguka na gongo lake. Nimeshonwa nyuzi nne juu ya sikio. Mlango ulikuwa wazi, sikukimbia. Tangu siku hiyo mama hasemi nami.

Mdogo wako,
Rukaiya


Amritsar,
1 Septemba 1991

Mdogo wangu Rukaiya,

Marahaba. Barua yako aliwatafsiria mzee mmoja wa hapa aliyekulia Kariakoo. Alipofika kwenye mwiko aliomba maji. Ofisa akauliza una umri gani. Nikasema kumi na sita. Akaisoma karatasi ya hirizi tena, kidole kwenye ule mstari.

"Huyu binti, mama yake ameshamhukumu," akasema, akatia sahihi hati ya kuniachia.

Pasipoti wamenirudishia, ila niondoke nchini. Nafika Ijumaa, tarehe 20. Mama mwambie mkono umeunga, ni kweli. Mwambie pia nimeomba aseme nawe kabla sijafika. Mengine nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana.

Wewe ukija uwanja wa ndege usisimame kushoto kwangu. Sitakuona.

Kaka yako,
Suhaib