Kitanda Namba Saba Kimekuwa Kijani

Mwenzangu usinipigie, nitalia. Soma tu.

Ile skrini yangu ya vitanda, leo ndiyo wameiwasha hospitalini, pale ukutani mapokezi. Nyekundu kitanda kina mgonjwa, kijani kitupu. Nimesimama naitazama, kichwa kimevimba.

Mama mmoja akanivuta mkono. "Mwanangu, namba saba ni ya mzee wangu. Imekuwa kijani. Kijani si nzuri?"

Nikamwambia ndiyo mama, kijani ni nzuri.

Mimi! Kwa mdomo wangu huu! Watu wa mapokezi wanatafuta vitanda, kwao kijani ni nzuri. Niliwachorea wao. Sikukumbuka kwamba kwenye yale mabenchi mbele ya skrini wanakaa wake za watu.

Akanishukuru!! Akampigia binti yake palepale, "Baba yenu amepona, mtandikieni kitanda." Anacheka, mkono wangu hajauachia.

Ndipo daktari akatoka. "Mama, tumejitahidi sana." Mzee amefariki.

Na wewe uliniambia. Uliniambia rangi peke yake haitoshi, weka na maneno. Nikakujibu maneno yatachafua skrini.

Yule mama hata hakunipigia kelele. Aliitazama skrini, akanitazama mimi, akasema polepole, "Lakini umesema ni nzuri."

Niko kwenye ngazi za nyuma. Mapokezi wamenitumia ujumbe sasa hivi: "Hongera dada, inasomeka hata kutoka getini."